Pikipiki Kuukuu ya Shamba: Itunze Nayo Itakutunza

Mkulima wa Gesima anavijua vilima vyake. Njia hupanda, hushuka, hukata kijito, kisha hupanda tena. Udongo ni mwekundu wenye rutuba, nao huotesha chai, ndizi, mahindi na majani ya ng'ombe. Lakini mvua ikinyesha udongo huo huo huteleza kama sabuni, na katika nchi ya Gusii mvua haikosi kwa muda mrefu. Miezi ya Machi, Aprili na Mei ndiyo yenye taabu zaidi. Lori haliwezi kufika kila shamba, na punda huchoka. Kwa hivyo kazi nyingi ya kubeba imeangukia pikipiki.

Pikipiki zilienea sana nchini Kenya tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo. Nyingi zilizonunuliwa zamani bado zinafanya kazi. Zimebeba majani chai, maziwa, mbolea, miche na hata wagonjwa. Sasa zimezeeka, na wenyewe huuliza: Je, niitengeneze au niiuze? Makala haya yataka kukusaidia kujibu swali hilo. Yatakuonyesha pia kazi unazoweza kufanya mwenyewe nyumbani, na zile zinazompasa fundi.

CHOMBO CHA KUPITA KILA MAHALI

Katika nchi nyingine wakulima hutumia kigari kidogo chenye magurudumu manne mapana na usukani kama wa pikipiki. Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza vigari vya namna hii huko Marekani mwaka 1970, na vya kwanza vilikuwa na magurudumu matatu. Vilipinduka na kuumiza watu wengi, hata mwaka 1988 makampuni yakakubali mbele ya mahakama kuacha kuuza vipya vya magurudumu matatu katika nchi ile. Tangu hapo wakulima wa huko hununua vya magurudumu manne.

Kwetu vigari hivyo ni vichache na bei yake ni kubwa. Pikipiki ya cc 100 au cc 150 ndiyo hufanya kazi ile ile. Tena injini nyingi za vigari vile vya zamani na za pikipiki zetu ni za jamaa moja: silinda moja, mipigo minne, kabureta moja, na kupozwa na upepo. Kwa hivyo mambo utakayosoma hapa yatamfaa pia mwenye pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu.

HASARA YA KUTOANGALIA

Tuseme leo ni siku ya kuchuma. Mama na vijana wameingia shambani alfajiri, na kufika saa sita mifuko imejaa. Kituo cha kununulia chai kiko ng'ambo ya bonde. Pikipiki inapigwa kiki mara kumi, haiwaki. Inapigwa mara ishirini, haiwaki. Majani mabichi hayangoji. Yakishindiliwa mfukoni hupata joto, hubadilika rangi, na karani atayakataa. Kazi ya asubuhi nzima imepotea kwa sababu ya plagi chafu ambayo ingesafishwa kwa dakika kumi jana jioni.

Hiyo ni hasara ya shilingi. Iko nyingine isiyolipika. Pikipiki ile ile imewaka, imepakiwa mzigo, na nyuma ameketi mtoto anayekwenda shule. Inateremka kilima, na chini kuna daraja jembamba. Dereva anakanyaga breki, na kanyagio linakwenda mpaka chini bila kushika. Hapo hakuna nafasi ya kujifunza. Ndugu msomaji, soma habari ya breki kwa uangalifu kuliko habari nyingine zote.

VYOMBO VYA KAZI

Huhitaji gereji. Yakupasa uwe na spana za namba 8, 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo, pampu ya miguu, kipimo cha upepo, brashi ya waya, na vibati vya kupimia nafasi. Kama fedha ni haba, majirani watano waweza kuchanga na kununua seti moja. Mmoja wao aitunze, na kila anayeazima aandike jina lake daftarini.

Tafuta pia kitabu cha maelezo cha pikipiki yako. Vipimo vyote katika makala haya ni vya kukuongoza tu. Kitabu cha mtengenezaji kikisema vingine, fuata kitabu.

KUOSHA NI KUKAGUA

Anza kwa kuosha. Matope huficha nati iliyolegea, chuma kilichopasuka na oili inayovuja. Ngoja injini ipoe, maana maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua. Tumia ndoo, kitambaa na sabuni kidogo. Usielekeze maji ya nguvu kwenye kabureta, chujio la hewa, waya za umeme au katikati ya magurudumu. Maji yakiingia katika beringi, grisi hutoka na kutu huingia.

Usioshe pikipiki mtoni. Oili na petroli hushuka na maji hadi kwa jirani anayechota ya kunywa. Vijito vyote vya Gusii huishia Ziwa Viktoria, na njiani vina watu wengi na mifugo mingi.

Unapoosha, tazama na kugusa. Angalia chuma cha fremu mahali pawili hasa: mbele chini ya usukani, na nyuma panapofungwa keria. Ufa mwembamba kama unywele ni onyo. Ukiuona, usipakie mzigo tena mpaka umeunganishwa na fundi hodari. Mwambie afungue nyaya za betri kabla ya kuchomelea, ili asiunguze vyombo vya umeme.

OILI NI DAMU YA INJINI

Katika pikipiki hizi oili ile ile hufanya kazi tatu: hulainisha injini, gia na klachi. Kwa hivyo usitie oili yoyote tu. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo huifanya klachi iteleze. Nunua oili ya pikipiki ya mipigo minne. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA na unene uliotajwa katika kitabu. Kwa pikipiki nyingi za hapa ni 20W-50.

Pima oili kila asubuhi kabla ya kazi. Simamisha pikipiki wima mahali pa sawasawa, maana ikiegemea kigingi chake cha pembeni utadanganyika. Pikipiki kuukuu hula oili kidogo kidogo, na injini yenyewe hubeba karibu lita moja tu. Ikipungua robo, umepoteza sehemu kubwa. Injini nyingi hufa kwa sababu mwenyewe alingoja siku ya kubadilisha, wala hakupima kati.

Kubadilisha fanya hivi:

1. Washa injini dakika chache oili ipate moto, kisha zima. Oili yenye moto hutoka pamoja na uchafu wake.

2. Fungua nati ya chini na kupokea oili katika karai. Itazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, kitu ndani kinasagika, mwite fundi.

3. Safisha au badilisha chujio la oili kama lipo.

4. Rudisha nati kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana kwa kiasi. Tumbo la injini ni la aluminiamu, ambayo ni laini. Ukikaza kwa nguvu zote utaua nyuzi zake, na matengenezo yake ni ghali kuliko oili ya miezi mingi.

5. Tia oili mpya kwa kipimo. Washa kidogo, zima, ngoja, pima tena.

Pikipiki inayopanda vilima na mzigo ibadilishwe oili mapema kuliko ile inayotembea barabara ya lami.

Oili chafu usiimwage shambani wala usiipake kidonda cha ng'ombe. Ina sumu, na ikikaa juu ya ngozi mara kwa mara yaweza kuleta saratani. Itie katika mtungi wenye kifuniko uipeleke gereji inakokusanywa. Nawa mikono kwa sabuni.

HEWA SAFI

Injini hupumua kama mtu. Katika miezi ya ukavu, vumbi jekundu la murramu huingia katika chujio la hewa na kuliziba. Hapo injini hukosa nguvu, hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Madereva wengine hulitupa chujio ili injini “ipumue vizuri”. Kosa hili ni kubwa sana. Vumbi ni kama msasa. Likiingia ndani husaga ringi na silinda, na injini huzeeka kabla ya wakati wake.

Tazama chujio lako ni la namna gani. La sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kupindwa, likauke kivulini, kisha litiwe matone ya oili safi na kukamuliwa tena. La karatasi lisioshwe. Ligonge polepole vumbi litoke, na likichakaa nunua jipya.

Kumbuka pia kwamba Gesima iko juu. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza nguvu karibu sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Kwa hivyo pikipiki iliyorekebishwa Mombasa au Kisumu yaweza kuonekana nzito ikifika kwako, na plagi yake ikawa nyeusi. Mwambie fundi arekebishe kabureta hapa hapa nyumbani.

PLAGI HUSEMA

Toa plagi uitazame. Rangi yake hukueleza hali ya injini.

Kahawia hafifu au kijivu: injini ni nzima.

Nyeusi na kavu kama masizi: petroli ni nyingi kuliko hewa. Angalia chujio, choki na kabureta.

Nyeusi na yenye mafuta: oili inaingia mahali pa moto. Ringi au valvu zimechoka.

Nyeupe sana, yenye vidonda: injini ina joto kupita kiasi, au petroli ni kidogo, au plagi si ya namba yake.

Isafishe kwa brashi, kisha pima nafasi ya ncha zake. Mara nyingi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8. Irudishe kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana. Ukianza na spana yaweza kuingia upande na kuharibu kichwa cha injini. Plagi ni kitu cha bei ndogo. Weka mpya moja chini ya kiti siku zote.

IKIKATAA KUWAKA

Usipige kiki mpaka jasho likutoke. Injini yahitaji mambo matatu: petroli, moto wa plagi, na mgandamizo ndani ya silinda. Tafuta lipi limekosekana, kwa taratibu.

Kwanza, petroli. Je, imo tangini? Je, bomba limefunguliwa? Fungua skrubu ya chini ya kabureta uone kama petroli yatoka. Ikitoka na maji au uchafu, iache ikimbie katika kopo mpaka iwe safi. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia mara nyingi huwa na uchafu. Isipotoka kabisa, tundu la kifuniko cha tangi limeziba, au chujio la bomba.

Pili, moto. Kabla ya kupima, funga petroli, pangusa iliyomwagika, na sogeza kopo mbali. Toa plagi, ivalishe kofia yake, na uigusishe chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka. Piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyekundu na dhaifu, au kukosa cheche, huonyesha plagi mbovu, kofia iliyoingia maji, waya uliokatika, au swichi yenye kutu. Jaribu plagi mpya kwanza.

Tatu, mgandamizo. Ukipiga kiki nayo ikashuka bila kukupinga, upepo unavuja ndani. Tia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, rudisha plagi, piga tena. Kama sasa imekuwa nzito, ringi zimekwisha. Kama imebaki nyepesi vile vile, yawezekana valvu hazifungi. Jaribio hili dogo litakusaidia kuzungumza na fundi kwa hekima.

VALVU NA MOSHI

Valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa vibati vyembamba vya sehemu za mamia za milimita. Zikibana sana, pikipiki huwa ngumu kuwaka hasa ikiwa moto, na mwisho valvu huungua. Zikilegea, utasikia mlio wa kugonga kama cherehani. Mlio mdogo ni afadhali kuliko ukimya wa valvu zilizobana. Mtake fundi atumie vibati. Sikio peke yake halitoshi.

Tazama na moshi. Moshi mweupe mwepesi wakati wa baridi ya asubuhi, unaokwisha baada ya dakika chache, ni mvuke tu. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Hapo fundi atafungua injini na kupima silinda. Ikiwa imeliwa kidogo, ringi mpya zaweza kutosha. Ikiwa imeliwa sana, silinda huchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi kidogo, mara nyingi kwa hatua ya robo milimita. Dai uonyeshwe vyuma vya zamani. Ni haki yako.

CHENI

Cheni kavu iliyojaa matope hula nguvu za injini na kukatika kilimani. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, kisha tia oili nzito upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Usifanye hivyo injini ikiwa imewashwa. Watu wamepoteza vidole.

Pima ulegevu katikati ya sproketi mbili. Pikipiki nyingi hutaka cheni ipande na kushuka karibu sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime mahali pengi, kwa kuwa cheni kuukuu haikazi sawasawa. Rekebisha pale ilipokaza zaidi. Ukivuta gurudumu nyuma, alama za kushoto na kulia ziwe sawa, la sivyo gurudumu litakwenda upande.

Kipini cha kuungia cheni kina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Uliofungwa utangulie mwendo wa cheni. Ukikigeuza, tawi au jiwe laweza kuking'oa. Meno ya sproketi yakichongoka na kulala kama ndoano, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu haidumu.

BREKI: HAPA USIFANYE MZAHA

Pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma. Ndani mna viatu viwili vyenye vitambaa vigumu vinavyosukuma ngoma. Vitambaa hulika siku kwa siku, na kanyagio hushuka polepole hata usitambue. Kwa hivyo pima kila wiki. Kanyagio la nyuma lishike baada ya kushuka kama sentimita 2 hadi 3. Mkono wa breki ya mbele usiguse usukani hata ukiukaza kwa nguvu. Rekebisha kwa nati ya fito au ya kebo, kisha inua gurudumu ulizungushe, lisisuguliwe.

Ngoma nyingi zina alama ya nje inayoonyesha mwisho wa vitambaa. Mshale ukiifikia, usirekebishe tena. Nunua vitambaa vipya. Ukifungua ngoma, usipulize vumbi lake kwa mdomo, maana laumiza mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Usiguse vitambaa kwa mikono ya grisi. Kitambaa kilicholowa oili hakifai tena.

Ukivuka kijito au dimbwi, breki hulowa na kukataa kushika. Baada ya kutoka majini, endesha polepole huku umegusa breki kidogo mpaka zikauke. Zijaribu kabla hujaanza mteremko.

Na sasa jambo linaloua watu. Madereva wengi huzima injini au kuweka gia huru wanapoteremka, ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa ni ya shilingi chache. Kumbe injini yenyewe ni breki ya tatu. Ukiiondoa, mzigo wote huning'inia juu ya vitambaa viwili vidogo. Hupata moto, huteleza, na kukuacha. Kabla ya mteremko punguza mwendo, ingiza gia ndogo, acha injini ikuzuie, na tumia breki zote mbili kwa kiasi. Kwenye matope breki ya mbele itumiwe kwa upole mwingi. Ikiwa wewe ni mzee mwenye pikipiki na kijana ndiye anayeiendesha, mwambie hivi: “Kijana wangu, akiba ya petroli ya mteremkoni siitaki.”

MAGURUDUMU, USUKANI NA TAA

Gonga spoki moja moja kwa spana. Zilizokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Moja ikilegea, jirani zake huvunjika kwa zamu. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, na ufuate kitabu. Gurudumu la nyuma lenye mzigo hutaka upepo zaidi. Tairi lililokwisha meno halishiki udongo mwekundu wa mvua hata dereva awe hodari namna gani.

Inua gurudumu la mbele, shika miguu yake, sukuma mbele na nyuma. Ukisikia mgongano, beringi za usukani zimelegea. Fanya vile vile gurudumu la nyuma, kulia na kushoto.

Betri ya kutiwa maji hutaka maji maalumu yaliyosafishwa. Ya mtoni na ya mfereji yana chumvi. Fyuzi ikiungua weka nyingine ya namba ile ile. Ukifunga kipande cha waya, pikipiki yaweza kushika moto chini ya tangi. Taa ya nyuma na kioo cha kurudisha mwanga ni uhai wako wakati wa ukungu wa asubuhi na jioni. Na kofia ngumu ni ya lazima kwa dereva na abiria wake, hata kwa safari ya kwenda kituoni tu. Abiria ni mmoja. Ndivyo sheria ya Kenya isemavyo.

MZIGO

Mzigo wa kupita kiasi huvunja keria, spoki na fremu, nao huinua gurudumu la mbele ukipanda. Uweke chini na karibu na kiti, usitokeze nyuma sana. Mitungi ya maziwa igawanywe sawa pande mbili. Mifuko ya chai isikazwe kwa kamba za mpira mpaka majani yapondeke, maana kiwanda hutaka majani mazima. Tangu mwaka 1964, Serikali ilipoanzisha KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo, chai bora imejengwa juu ya majani mawili na chipukizi yanayofika yakiwa salama. Afadhali safari mbili kuliko moja ya hospitali.

KUTENGENEZA AU KUUZA?

Nunua daftari. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, na shilingi ulizotoa. Kwa upande wa pili andika pikipiki imekuletea nini: safari za chai, maziwa, mbolea. Baada ya miezi sita utakuwa na jawabu la hesabu, wala si la hasira ya siku moja.

Ikiwa fremu ni nzima na ubovu uko katika vitu vinavyobadilishwa, kama ringi, cheni, vitambaa, beringi na waya, mara nyingi hufaa kutengeneza. Ikiwa fremu imepinda kwa ajali au imeungwa mara nyingi, usiitengeneze, wala usimwuzie mwenzako kama chombo cha kuendesha. Iuze kama vipuri.

Ukinunua kuukuu, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za hati ya umiliki, na hati ibadilishwe kuwa jina lako. Washa injini ikiwa baridi. Anayeiwasha kabla hujafika huenda anaficha ugumu wake. Vipuri vya bei ndogo mno vinavyofanana na vya kweli ni vya kuogopwa, hasa vitambaa vya breki na beringi.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila asubuhi: oili, breki, upepo, taa, cheni kwa macho.

Kila wiki: osha, kaza nati, tia cheni oili, pima breki, gonga spoki.

Kila mwezi: plagi, chujio la hewa, betri, kebo za klachi na breki zitiwe oili.

Kabla ya mvua za Machi: tairi, vitambaa vya breki, beringi za magurudumu na usukani, valvu kwa fundi.

Ndugu mkulima, ng'ombe akiugua hulia au hukataa kula, nawe humwita daktari. Pikipiki nayo husema kwa rangi ya plagi, kwa moshi, kwa mlio wa cheni na kwa kanyagio linaloshuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla jua halijatua, inua gurudumu la nyuma, lizungushe, ukanyage breki. Likisimama papo hapo, lala kwa amani. Lisiposimama, asubuhi usiende popote mpaka umetengeneza.